Tulikwisha Kushukuru

Jumanne, jioni. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi. Jua limechungulia mara moja tu likarudi ndani, na moyo wangu leo ni hivyohivyo.

Nimesema jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa padri.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mkulima wa kahawa hapa Rugu, shule niliishia darasa la saba. Hata hivyo nimo kwenye kikundi cha utafiti wa saratani za watoto. Wenzangu wengine ni madaktari na wauguzi wa hospitali kule Mwanza. Wao wanachunguza damu na vipande vya uvimbe. Sisi akina mama tunawafuata watoto walioacha matibabu, huku Karagwe na Kyerwa, tunauliza kwa nini waliacha na kuwaomba warudi.

Zamani kwenye mafaili watoto hao waliandikwa "mtoro". Tukasema jamani, mtoto mgonjwa si mfungwa, mama yake akilisikia neno hilo harudi ng'o. Wakatusikiliza. Siku hizi wanaandika "anasubiriwa". Mnaweza kucheka, lakini mimi sijawahi kufanya kitu kikubwa kuliko hicho. Wapo waliorudi kwa sababu ya neno hilo, na sasa wako shuleni.

Leo aliyesubiriwa ni Keza, wa miaka saba, kule Nyakatuntu. Alikuwa na saratani ya taya, ile inayovimba haraka mpaka meno yanalegea. Alitakiwa apewe dripu sita za dawa. Alipata mbili, uvimbe ukayeyuka, mama yake akambeba wakarudi nyumbani.

Nilipofika nilimkuta anaruka kamba uani.

Hapo ndipo kazi hii inapoumiza. Unamwambiaje mama kwamba mtoto anayeruka kamba yumo hatarini?

Mama Keza alinipokea vizuri, akanipa uji. Nilipotaja hospitali akamwita mtoto, akamgeuza shavu huku na huku.

"Mama Deo, wewe una macho. Mgonjwa yuko wapi hapa?"

Nikaeleza kwamba ugonjwa huu unajificha, kwamba dripu nne zilizobaki ndizo za kuung'oa. Bibi yake Keza, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akadakia.

"Sisi tulikwisha kushukuru, mwenzetu. Huyu mkwe wangu alisimama mbele ya kanisa zima, akashuhudia kwamba mtoto amepona. Tukachinja mbuzi. Leo arudi hospitali, watu tuwaambie nini? Kwamba tuliwalisha mbuzi wa uongo?"

"Na mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo, mama," Mama Keza akasema, lakini hakucheka.

Nikamwangalia. Yule mama hakatai dawa. Anaogopa kumfanya Mungu mwongo.

Kwenye fomu zetu tunauliza habari za nauli, umbali, waganga. Hakuna swali la kama familia ilikwisha kushukuru. Na mimi niliyelijua jambo hilo nimekaa kimya miaka yote hii.

Bibi akaona abadilishe mazungumzo. "Huyo Deo wako sasa yuko darasa la ngapi?"

Huwa najibu, "Mungu anamtunza," kisha naulizia mvua. Si uongo. Ila ni kujificha nyuma ya jina la Mungu.

"Deo hayuko darasani," nikasema. "Angekuwa kidato cha pili."

Nikawaeleza yote. Uvimbe ulikuwa uleule. Dripu mbili, shavu likarudi kama zamani. Nilipeleka mkungu mkubwa wa ndizi altareni, nikatangaza amepona. Muuguzi alikuwa ameniambia zimebaki nne, na nilimsikia vizuri kabisa. Nilijiambia kurudi ni kukosa imani. Wiki chache baadaye ugonjwa ukaibukia tumboni. Tulipokimbilia hospitali, ugonjwa uliosikia dawa mara ya kwanza haukusikia tena.

Wenzangu kwenye kikundi wanajua nilimpoteza mtoto. Hawajui kwamba mimi ndiye niliyemwondoa wodini.

Bibi aliweka kisu chini. "Pole, mwanangu."

Mama Keza akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ile shukrani yako, Mungu aliikataa?"

Swali hilo nimelikimbia kila usiku ninaposhika rozari. Leo halikuniacha.

Nikamjibu kwa hicho kidogo nilicho nacho. Sidhani aliikataa. Nilishukuru kwa dripu mbili, na hizo mbili zilifanya kazi kweli. Kosa langu ni kwamba nilimwambia Mungu amemaliza, kumbe yeye alikuwa bado anafanya kazi.

Bibi akafuta mikono kwenye kanga. "Basi utasimama tena kanisani," akamwambia mkwewe, "useme bado tunaendelea. Atakayecheka aje anichekee mimi hapa."

Mama Keza hakusema ndiyo. Mume wake yuko Murongo kwenye vibarua, anarudi leo jioni, na lazima wazungumze. Lakini aliniuliza basi la kesho la Mwanza, nitakalopanda mimi, linaondoka saa ngapi. Kisha akaita, "Keza, acha kamba. Njoo tuvijaribu viatu vyako kama bado vinakuingia."

Wakija au wasije, mimi nitafika Mwanza niwaambie wenzangu habari za Deo, yote, bila kuficha. Huenda wakanitazama kwa jicho jingine. Na watazame.

Begi langu liko tayari mlangoni. Kesho asubuhi nitakuwa stendi ya Kayanga, nimewashikia viti viwili kando yangu. Ee Bwana, visikae vitupu.