Kitufe cha Kusalimia

Jumatatu, 3 Juni

Gemu limefika! Mhariri wa tovuti anataka tathmini Ijumaa, na alama juu ya kumi. Nchi nzima imo ndani ya televisheni yetu — milima, mito, vumbi linalopeperuka nyuma ya farasi. Sinema tupu! Ila lina maneno mengi. Ukipiga hatua, watu wa humo wanakusimamisha wapige soga. Chai yangu imepoa nikiwasikiliza.

Mama kapita na beseni la nguo, kasimama. Akauliza huyo farasi amekunywa maji saa ngapi.

Nimefurahi kama mjinga. Tangu tumzike Baba, Mama haulizi kitu, wala havuki geti. Si sokoni, si kwa fundi cherehani hapo ng'ambo ya barabara, shoga yake wa tangu ujana. Anaanika nguo uani, anarudi ndani. Basi.

Jumanne, 4 Juni

Nilimpa Mama padi ya kuchezea nikaangalie sufuria. Ole wangu! Kurudi, ameshagundua kitufe cha kusalimia.

Kwa Mama, kumpita mtu kimya ni kosa kubwa kuliko kuvunja sahani zote za kabati. Sasa hampiti mtu. Mchunga ng'ombe, mlevi, bibi mwenye ndoo — na anatamka kabisa, "Habari za kwenu?" Wao wanagusa kofia, wanajibu kwa lugha yao. Hajamaliza hata mtaa mmoja! Nikamwambia, Mama, hadithi iko mbele. Akasema iache ikae, itatukuta.

Nilikuwa nataka padi yangu. Sikuidai.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Nilikuwa namfukuza jambazi mlimani, nimebakiza kumkamata tu, simu ikalia. Mhariri. Nikamsukumia Mama padi: mfuate huyo, usimwache!

Mhariri ananiambia wenzangu wa tovuti nyingine wameshamaliza, mwisho wake unaliza watu wazima, mimi nimefika wapi? Nikasema karibu. (Karibu wapi!) Nageuka — Mama kasimamisha farasi, anamsalimia jambazi! Jambazi naye, mwana adabu, kagusa kofia, huyoo, katokomea. Maandishi mekundu: UMESHINDWA.

Nikafoka. Mama, huyo ameua watu! Akasema kwani muuaji hasalimiwi? Na akaongeza, kwa hasira hasa: dunia wameifanya pana hivi, halafu mtu akigeuka kidogo anakaripiwa?

Ndiyo kasoro ya gemu hili, neno kwa neno. Nimeiiba, naiweka kwenye tathmini.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi cherehani kabisha geti tena. Mama kanikonyeza niseme amelala. Nimesema. Nimechoka kusema.

Akashika padi, akaanza salamu zake. Nikamchokoza: mbona wa kwenye kioo unawasalimia, na shoga yako unamfungia geti? Nikatamani niumeze ulimi.

Baadaye akasema, macho hayabanduki kwenye televisheni: hawa hawaniambii pole. Kule nje kila mtu ana pole yake, na mimi nikipokea moja tu nitaanguka njiani, mwanangu. Hawa wananijibu, napita.

Nikalia, sikujificha. Akaniambia nisogee, nimemziba, kuna mtu anapita.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetuma. Nimesifu mwanga wa asubuhi, nimelaumu kazi za gemu zisizokuruhusu kupumua, na nusu nzima nimeandika kuhusu kitufe kimoja. Nane juu ya kumi.

Mhariri kauliza hii ni tathmini au barua ya shukrani. Nikajibu zote mbili. Akasema sawa, lakini bila mwisho wa hadithi haichapwi. Nina hadi Jumapili jioni, ama anampa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Juni

Nilikaa tangu asubuhi. Nimefika pale pale wanapolilia wenzangu — shujaa amesimama mbele ya mlango wa nyumbani kwao. Nikasikia viatu. Si ndala. Viatu!

Mama, mtandio kichwani, gauni mkononi. Limempwaya, anataka fundi alipunguze. Sauti ya kawaida kabisa, ila gauni kalishika juu chini. Nikasimama nimsindikize. Akasema kaa hapo, mimi si farasi wa kuongozwa. Alipofika mlangoni akageuka: "Huku kitufe cha kusalimia ni kipi?"

Nilicheka, machozi yananitoka. Asanteni nyote, na mlevi, na jambazi!

Naandika dirishani. Shujaa wangu bado kasimama mlangoni kwake, mhariri anapiga simu, nimeiacha iite. Mama amefungua geti. Hasogei. Amesogea. Fundi kamwona — katupa kitambaa, anakuja mbio na futi yake ya kupimia shingoni, mdomo umeshafunguka kusema pole. Mama kasimama katikati ya barabara.

Kainua mkono. Kamuwahi, kasalimia yeye kwanza —