Watoto wa Nunow

Garissa, 12 Agosti 1966

Mpendwa Dada Gacheri,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye vumbi. Shemeji na watoto hawajambo? Goti la mama limepoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umenifanya nikuandikie wewe, si mama.

Hapa hospitalini natibu watoto wawili wa Nunow, mchunga ngamia. Wamezaliwa na ugonjwa wa kuchomwa na jua. Wakitoka mchana kidogo tu, ngozi hubabuka, na Kaaha, binti wa miaka minane, alikuwa ameanza kuota uvimbe mbaya puani. Niliwaeleza Nunow na mkewe Timiro kwamba si laana wala kijicho cha mtu. Ni urithi wa damu. Kila mmoja wao ameubeba bila kuugua, maana ni watoto wa ndugu wawili. Dawa sina. Niliwaambia wawaweke watoto ndani, watoke jua likishazama.

Wakati huo walikuwa bado malishoni. Mwezi wa sita serikali ikawahamishia katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, kwa sababu ya waasi wa shifta, na kafyu ya kutotoka nje huanza saa kumi na mbili jioni, jua halijazama. Nilijua shauri langu halifai tena. Sikuwaita kuwapa shauri jingine, kwa kuwa sikuwa nalo.

Jumanne Kaaha alilia kwa joto la kibandani. Giza lilipoingia baba yake akamshika mkono, wakatoka kupunga upepo. Askari aliona watu karibu na seng'enge, akafyatua risasi. Mtoto aliletwa kwangu akiwa ameshakata roho.

Nunow alikamatwa, ikasemwa alikuwa akiwapelekea shifta habari. Ofisa mmoja alimleta wodini, mikono imefungwa. Nunow akaniambia, "Daktari, wewe ndiyo ulisema tutoke jua ikilala. Mwambie yeye." Ofisa akaniuliza kama ni kweli.

Dada, nilisema sikumbuki.

Wiki iliyotangulia mhudumu wetu mmoja alichukuliwa na askari kwa kufunga jeraha la mtu aliyedhaniwa ni shifta, na hajarudi. Niliogopa. Nunow hakunitukana. Alinitazama tu mpaka walipompakia kwenye lori.

Jana Timiro alikuja na mdogo, Alio, amemfunika shuka mwili mzima. Hajui nilichosema. Aliniletea maziwa ya ngamia, akanishukuru kwa kumsitiri binti yake kwa shuka safi. Kisha akauliza kama Alio aendelee kutoka jioni tu.

Niliingia ofisini nikaandika maneno yote niliyowaambia, na kwamba nilidanganya, nikatia sahihi. Kesho asubuhi nitampelekea ofisa yule. Usipopata barua yangu mwezi ujao, mwambie mama nina kazi nyingi.

Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mtuombee.

Ni mimi ndugu yako,
Kinoti