Betri Niliyoianika Juani

Kambarage, Shinyanga

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, yuko Kishapu anachuma pamba.

Unasema unatazama mpira mubashara kwenye programu ya bure, yenye matangazo. Lakini wenzako wa chuoni umewaambia umelipia kifurushi kama wao, na Jumamosi wanakuja kwako kutazama fainali. Unaniuliza ufanyeje.

Nilipokuwa kijana machimboni Kharumwa, tulikuwa na redio moja. Aliyetoa betri aliiandika jina lake, akakaa mbele. Wengine walisikiliza bure nyuma ya turubai, na hakuna aliyewafukuza. Siku ya fainali niliona haya kukaa nyuma. Nikaanika betri kuukuu juani, nikaifuta vizuri, nikaitoa kama mpya.

Ikaja penalti. Mtangazaji akasema, "Anaufuata mpira..." Sauti ikafifia, ikakatika.

Mwenye redio akazitoa betri moja moja, akizigeuza mkononi. Ya tatu ilikuwa inavuja. Akaifuta kwa shati lake, akalisoma jina langu kwa sauti.

Kulwa, nyuma ya turubai nafasi ilikuwa tele.

Babu yako