Maji Niliyomnywesha Endale

Debre Birhan,
14 Megabit.

Mpendwa kaka Mesfin,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko ugenini? Na mgongo wako unaendeleaje na hiyo baridi? Mama hajambo. Amefunga Kwaresima, na ukitaja siagi tu anakukata jicho.

Kaka, kwenye simu nilikudanganya. Nilisema mdogo wetu Endale amelazwa kwa sababu ya vidonge vyake vya akili. Si vidonge. Ni mimi.

Nilimpeleka kwenye maji matakatifu kule mlimani. Kasisi alisema vidonge aendelee navyo, na maji anywe kiasi. Mimi nikaona kiasi ni cha watu wa imani haba. Nikamfungisha chakula, nikamjazia kikombe baada ya kikombe, hata siku ya tatu dumu zima likaisha kabla ya adhuhuri. Alipotapika, wanawake waliokuwa pale wakanishangilia. "Mwongezee, dada'angu! Linatoka hilo pepo!"

Endale akaninong'oneza, "Dada, tumbo limejaa. Na miguu inaniuma." Nikamwambia asiniaibishe mbele za watu. Akanywa.

Mara akaanguka, mwili ukakakamaa na kutetemeka wote. Kaka, nilipiga vigelegele. Mdogo wangu anakufa mbele yangu, nami napiga vigelegele, nikidhani pepo anamtoka!

Hospitalini mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Daktari, binti mdogo tu, alinieleza taratibu kwamba maji yale mengi yalishusha chumvi ya damu, ndipo akapatwa na kifafa kile. Misuli ikavunjikavunjika, na mabaki yake yakaziba figo. Hakunigombeza hata kidogo. Heri angenitukana.

Tangu juzi figo zimeanza kufanya kazi, tumshukuru Mungu. Lakini jana nilimpelekea vidonge na maji ya funda moja tu. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Nitakunywa yote, dada. Usikasirike."

Nilitoka nje nikalia.

Nisalimie wifi Hirut na watoto. Mama anakubusu mashavu yote mawili. Bwana akufunike kwa rehema zake, nami asininyime zangu.

Ukimwandikia Endale, mwambie anaruhusiwa kunikatalia. Nikimwambia mimi, anaitikia tu.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,
Zenebech