Muhuri wa mfuniko wa oili

Zuhura, injini mpya hatupewi. Tumetoka gereji ya waliotuuzia gari sasa hivi.

Si unajua teksi yetu inavyokunywa oili? Walimwambia Dastan aiendeshe asiongeze hata tone, wakafunga mfuniko wa oili kwa muhuri. Oili ikipungua na muhuri ukiwa mzima, wanabadilisha injini kwa waranti.

Leo fundi kafungua boneti, kauinamia mfuniko. "Muhuri umekatwa. Nani kaongeza oili?"

Dastan akaapa hajagusa. Akaapa tena.

Kumbe kaka yake, shemeji Pankrasi, tuliyekuja naye, anatabasamu. Si aliiazima kwenda msibani Lusewa? Gari ya msiba ungemnyimaje kaka mtu? Na habari ya muhuri tulisahau kumwambia.

"Ni mimi, mdogo wangu. Nimeona imepungua, nikaona aibu kukurudishia gari ina kiu. Nimeijaza oili nzuri kabisa."

Nzuri kabisa, Zuhura. Mbele ya fundi.

Fundi akashusha boneti. "Basi hatuna cha kupima. Na waranti yenu inaisha Ijumaa."

Tabasamu la Pankrasi likafutika. "Kwani nimeharibu?"

Nikamwangalia Dastan. Gari ndiyo inayotulisha, anajua. Nikangoja afoke.

"Hapana, kaka. Umenisaidia."

Kesho nitarudi kwa yule fundi na mtoto mgongoni, labda atanisikiliza. Dastan yuko hapo nje, kakaa kwenye gari. Mtoto anamwita baba, haitiki.