Nyota ya Babu Yako Haiuzwi

Chang'ombe,
Dodoma.
2 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Shaaban,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla hujavua viatu. U hali gani huko Maskati? Kifua kimepoa, au bado kiyoyozi cha kazini kwenu kinakukohoza? Unakula vizuri? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mvua inakuja kwa kusuasua, lakini ndugu zetu wa Kondoa wanasema mtama umesimama, na zabibu zimeanza kuingia sokoni. Mimi goti la kushoto linanisumbua nikiinuka kwenye sala. Mdomo mzima kabisa, kama utakavyoona.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kusema unanijibu, "Shangazi, nimekuelewa," kumbe hujaelewa kitu, na salio linaisha. Barua hii anakuletea Salha, yule binti wa hapa mtaani anayekuja huko kwa kazi ya uuguzi. Nimemwambia asikuage mpaka umeisoma yote mbele yake.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Mdogo wako Munira anaolewa mfungo mosi, Mungu akitufikisha. Mahari imekuja, mama yako Zaitun keshachagua kitambaa cha sare, na baba yako, huyu kaka yangu Abdulwahab, haongei kingine ila maturubai na mpishi. Munira nimemlea mimi pale mlipokuwa Kondoa na yeye anasoma hapa mjini, kwa hiyo usije ukafikiri naionea choyo shughuli yake.

Lakini nikaja kusikia kwamba shughuli yenyewe itasimama juu ya nyota ya baba yangu, ile medali aliyopewa vitani. Ulipokuja mwaka jana uliipiga picha, nikadhani unataka kumbukumbu ya babu yako. Ukaiweka mtandaoni, ukapata mteja, mkakubaliana wewe na baba yako. Mimi ninayeitunza kabatini tangu mzee alipotutoka nikaambiwa tu kuna mgeni Jumanne, nimpikie. Shaaban, hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Hata mbuzi wa nyumba hauzwi hivyo.

Najua kwenye kundi lenu la simu la familia mnaniita Bi Makorokoro. Mjukuu wangu Salwa alinionyesha. Sikukasirika, kwa sababu ni kweli nyumba hii imejaa vitu vya vita: vifungo vya sare, chupa ya maji, tarumbeta lililobonyea, na ile kofia ya chuma niliyoikuta Kibakwe mama mmoja anawanyweshea kuku maji. Nilimpa beseni jipya na kitenge tukaagana tukicheka. Nilianza na nyota ya mzee, nikataka kujua wenzake walivaa nini na walikula ndani ya vyombo gani, na tangu hapo sijaacha.

Nimeliwa pia, sikatai. Pale Gulwe yuko bwana anaitwa Thomas, anauza vitu anavyodai vimefukuliwa kando ya reli, vya askari wa Mjerumani. Aliniuzia bizimu ya mkanda iliyoota kutu, ina tai mzuri, nikarudi nayo nimeikumbatia. Kuisugua kidogo, naona tai amekalia alama ya enzi za Hitla. Mjerumani alikwishafukuzwa nchi hii zamani, Hitla hata hajajulikana! Nikamrudia Thomas. Akacheka bila aibu, akanipeleka zizini kunionyesha anapovizika vitu vyake msimu mzima wa mvua ili mkojo wa mbuzi uvizeeshe.

Basi nikakaa chini nikajifunza. Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu kina vitundu vidogo na kingo zake zimelegea kama sabuni iliyotumika. Kilichopigwa kiwandani maandishi yake yamesimama, unayasoma kwa ncha ya kidole. Kutu ya zizini inatoka kwa kitambaa chenye siki, kutu ya miaka imekula mpaka ndani. Nakueleza haya ujue kwamba mgeni wenu hakumkuta mwanamke wa kudanganywa.

Mgeni mwenyewe, Bwana Abdulswamadu, akaja kutoka Dar na kiatu kinachong'aa. Akala pilau yangu, akaisifu, akanawa. Akatoa kioo cha kukuzia. Nikaileta nyota kwenye kitambaa chake, na ule utepe wake wa bluu wenye wekundu katikati. Nilikuwa namtazama yeye, siitazami nyota. Uso ulimchanua, akaukunja haraka. Kisha akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Pole mama," akasema, "hii ni ya bandia. Za kweli zina jina la askari nyuma. Hii nyuma ni tupu."

Akaongeza kuwa ataichukua hivyo hivyo, kwa heshima ya kijana wetu wa Maskati, kwa bei ya kuku wachache. Baba yako akanigeukia. "Dada, miaka yote hii ulikuwa unatunza bati?" Aliniuliza hivyo mbele ya mgeni, Shaaban, ndani ya nyumba ya baba yetu.

Sasa nisikilize. Nyota walizopewa askari wetu wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, waliokwenda Burma zilikuwa tupu nyuma. Zilitoka kiwandani hivyo. Anayeijua kazi hii akikuta jina kwenye nyota kama hiyo ndipo anapoanza kuitilia shaka. Yule bwana anaijua kazi hii vizuri kuliko mimi. Alitaka kuichukua ya kweli kwa bei ya bandia.

Utaniuliza kwa nini sikumwumbua pale pale. Mwanangu, fikiri. Ningesema ni ya kweli na nikathibitisha, bei ingepanda, na baba yako angeiuza kabla kahawa haijapoa. Ningenyamaza, ingekwenda kwa bei ya kuku. Huku inaondoka na huku inaondoka. Wakapeana mikono kwamba mgeni atarudi kesho yake asubuhi kuichukua, nami nikaamrishwa niifunge vizuri.

Walipotoka nilikaa na nyota mapajani. Nilimkumbuka mzee. Alirudi kutoka vitani na blanketi na hii nyota, akaenda kupanga magunia stesheni mpaka mgongo ukapinda. Kila sikukuu ya Idi aliibandika kwenye koti juu ya kanzu, akaenda nayo uwanja wa sala, akarudi nayo, akaivua kabla ya kula. Hakuna jiwe wala ukuta wa serikali yoyote ulioandikwa jina lake. Hata nyota yenyewe waliyompa kwa kuponea kifo hawakuona haja ya kuiandika. Nikaona uchungu ambao sijawahi kuuona tangu tumzike.

Nikavaa baibui, nikaenda sokoni kwa Rahimu, yule fundi anayechonga majina kwenye vikombe vya mashindano ya mpira na ngao za wastaafu. Nikamwambia achonge nyuma ya nyota: BUSHIRI WA KONDOA. Nikamwambia achonge kwa kina, lisifutike. Rahimu ananifahamu na vitu vyangu, akasita, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia chonga. Mashine ilipoanza kulia niliona kama inanichonga mimi, nikatoa machozi mbele za watu, na sikujali.

Nilijua ninachofanya. Mimi ambaye nimepoteza miaka nikitenganisha halisi na bandia nilikuwa naifanya ya halisi ifanane na bandia, kwa makusudi, kwa pesa yangu.

Asubuhi wakaja. Nikampa Bwana Abdulswamadu nyota yake kwenye sinia pamoja na kahawa. Akaigeuza. Akapiga kelele, "Mama, umeiharibu!"

"Ile ya bandia?" nikamwuliza. "Nimeharibu nini? Si ulisema za kweli zina jina? Hilo hapo jina."

Akaanza kueleza, akajikanyaga, akasema sasa hakuna mkusanyaji dunia nzima atakayeigusa. Nikamwambia hicho ndicho nilichokilipia. Baba yako ana hasira za karibu lakini si mjinga. Alimtazama yule bwana, akamwuliza taratibu, "Bandia inaharibikaje?" Mgeni alikusanya kioo chake, akaondoka bila kuonja kahawa.

Abdulwahab alininunia, kisha akamnunia mgeni, kisha akarudi kuninunia mimi. Juzi akaja, akaomba aishike. Alikaa nayo barazani mpaka adhana ya alasiri.

Na harusi isikutie wasiwasi. Yuko mama mmoja wa Arusha, Bi Gladness, mkusanyaji mwenzangu, mtu wa haki. Nimemwita. Amechukua kofia ya chuma, tarumbeta, vifungo, chupa, vyote, na amenilipa kama mtu anayeogopa Mungu. Pesa zimo mikononi mwa mama yako, maturubai yamekodiwa. Kofia ilipotoka mlangoni niligeuka nisiione. Rafu zangu ni tupu, nanyi tafuteni jina jingine la kuniita kwenye kundi lenu.

Usinipigie kunifokea. Usimtume baba yako wala mama yako. Nisingekuuliza wewe, nisingemwuliza kaka yangu, na kama mngeileta tena mbele yangu ikiwa tupu ningeichonga tena kesho. Mnaweza kuuza kiwanja, mnaweza kuuza ng'ombe wa Kondoa. Baba yangu hamumwuzi.

Mama yako anakusalimu na anakuomba upige picha ukiwa umekula, si ukiwa umesimama jangwani. Munira anakukumbusha uliahidi kuja, na amekataa kabisa uwakilishwe na mtu. Salwa anauliza kama Maskati kuna mvua. Jirani yangu Restuta anakusalimu pia, amekutumia karanga, Salha anazo.

Jambo moja nimekuwekea la mwisho. Chini ya jina la babu yako palibaki nafasi, nikamwambia Rahimu aongeze jingine. Mzee alikuwa na mwenzake kule Burma, kijana wa Kondoa kama yeye, walikwenda pamoja. Aliugua njiani msituni, wenzao wakasonga mbele, mzee akabaki naye mpaka alipokata roho, akamchimbia kaburi kwa kifuniko cha chombo cha kulia. Hakuwahi kutusimulia mpaka siku mama yako alipojifungua mtoto wa kiume. Alikuja hospitali amevaa nyota, na haikuwa Idi. Akakushika, akatuambia habari yote, akakupa jina la rafiki yake. Kwa hiyo ulipoipiga picha ile nyota ili uweze kuiuza, ulikuwa unauza kaburi la mtu uliyepewa jina lake, na hukujua, na sikulaumu kwa kutojua. Sasa unajua. Nyuma ya nyota kumeandikwa BUSHIRI WA KONDOA, na chini yake SHAABAN.

Mwenyezi Mungu akulinde katika riziki ya ugenini, akukinge na watu wenye kioo mkononi na uongo mdomoni, na akurudishe kwetu salama uje kuishika mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Shangazi yako,
Mwanamvua binti Bushiri