Gramu Arobaini na Mbili

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama umeinunia bahasha ulipoona mwandiko wangu, basi nuna huku unasoma. Shemeji hajambo? Goti lake limekubali kukunjika? Na binti yetu, hapo ndipo kalamu inaposita, anakula vizuri? Anatoka nje? Sisi huku miili yetu haina neno. Mume wangu anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la mbao, lakini ukimwambia apumzike anajibu kwamba jeneza lake atalipiga randa mwenyewe. Mimi ndiye si mzima. Leo ni siku ya tisa nimepigwa na butwaa. Juzi nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, mimi huyu, ambaye wake za wakubwa wa mji huu wanapanga foleni kwenye mlango wangu.

Najua simu zangu huzipokei na sikulaumu. Mara ya mwisho nilikuambia mwanao ana kijicho, ukanijibu kwamba mwanao hasahau kitu alichokipima, ukakata. Barua haikatwi katikati. Acha nieleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili nikifika pale nisipopenda kufika nisiweze tena kugeuka.

Wewe hujawahi kupanda kile kilima nyuma ya tangi la maji. Jumamosi utawakuta watu wazima na akili zao, muuza nyama, kinyozi, karani wa mahakama, wamesimama ukingoni na ndege za povu gumu, povu lile linalofungiwa televisheni mpya zisivunjike. Ndege hazina injini wala panga boi. Upepo unakuja kutoka bondeni, unagonga kilima, unakosa pa kupita, unapanda juu. Mtu anairusha ndege yake kwa mkono katika upepo huo, halafu anaiongoza kwa rimoti, inaelea kama vile Mungu ameisahau huko. Na katika wote hao, hakuna wa kumfikia kifungua mimba wangu. Sisemi kwa sababu nimemzaa. Fundi umeme ni yeye, lakini kilimani wanamwita Kipanga, na jina hilo sikumpa mimi. Amewahi kukaa hewani hadi kinyozi akashuka mjini, akanyoa kichwa cha mteja, akapanda tena, na ndege ya mwanangu bado iko juu.

Lakini ndege za povu zinavunjika kila zikitua, na hapo ndipo mwanao alipong'aa. Alipokuja kukaa kwetu, alikuwa anatafuta kazi ya kutengeneza simu. Siku moja akaichukua ndege ya Kipanga iliyobonyea pua, akaimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika langu la chai, na lile povu likafura lenyewe, likarudi kama shavu la mtoto. Mume wangu aliacha randa akaja kutazama. Basi ikawa desturi. Mabawa yaliyokatika anayaunga kwa gundi isiyokula povu, anayapitishia ufito ndani, anayafunga kwa utepe mwekundu. Wakamwita Gundi. Yule mzee fundi saa, ambaye ndiye mshika saa na mwamuzi wao, akaahidi kumpa meza dukani kwake awe anatengeneza ndege za kilima kizima. Nilikuandikia wakati ule, unakumbuka? Nilikuambia mwanao ameshapata pa kusimama, na nikajisifu kwamba ni kwa sababu ya nyumba yangu. Na ni kweli nilijisifu.

Sasa njoo kwenye siku ya mashindano. Watu walitoka miji mingine. Ndege ya Kipanga ilipita mbele ya watazamaji mikononi mwake, kila mtu anashangilia, na mimi nimevaa gauni langu la kijani. Gundi alitaka kuinyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, kama anavyofanya kila mara kabla haijarushwa. Mimi nikaitwaa, nikamwambia asiishikeshike itachafuka, watu wanataka kupiga picha. Tukapiga picha. Mimi na ndege, mimi na mwanangu na ndege, mimi na karani wa mahakama. Mara wakaitwa, zamu yao imefika, Kipanga akatikisa mkia kwa rimoti akaona inaitika, akamkabidhi muuza nyama airushe.

Mdogo wangu, ile ndege iliinua pua kama mtu aliyetukanwa. Ikapanda wima, ikasimama hewani. Mwanangu alikuwa anakisukuma kijiti cha rimoti mbele mpaka vidole vikawa vyeupe, nayo haisikii. Ikaanguka kwa mkia, ikapinduka, upepo ukaibeba nyuma ukaileta kwetu. Watu walilala chini. Fundi saa hakulala, kwa sababu alikuwa anatazama saa yake, kazi aliyopewa. Ilimpiga juu ya nyusi. Damu ilikwenda hadi kwenye ukosi wa shati, shati nililomshonea mimi. Nyuzi tatu hospitalini.

Ndipo nikafanya lile la kwanza. Gundi alikuwa amepiga magoti kumfunga mzee kwa kitambaa, huku anasema kwa sauti ndogo, uzito niliuweka, mama mkubwa, gramu arobaini na mbili, nilipima mara mbili. Sikujua anasema uzito gani wala sikutaka kujua. Nikasimama juu yake mbele ya watu wote, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikasema nimefuga mtu anayemwonea mwanangu wivu, nikasema kama hujui kazi rudi kwenu ukajifunze. Hakuna aliyenizuia. Kipanga aliinamisha kichwa akaokota vipande vya bawa. Gundi hakulia. Asubuhi yake alitandika kitanda, akafua shuka, akaondoka na mfuko mmoja. Baada ya hapo waliokuwa na ndege kwake wakaja mmoja mmoja kuzichukua, hawanitazami, wanasema tu asante mama.

Wiki mbili zikapita. Mwanangu akaanza kuitengeneza ndege yake mwenyewe, vibaya, kwenye ncha ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Upande huu mimi nakata gauni la mteja, upande ule yeye anabandua utepe wa puani. Akatazama ndani, akaingiza kidole, hakikugusa kitu, akakaa kitini. Akasema ni kweli basi, Gundi hakuweka risasi.

Nikamuuliza risasi ya nini. Akachukua mkasi wangu, akaulaza juu ya kidole kimoja, akausogeza mpaka ukatulia bila kuegemea huku wala huku. Akasema ndege nayo ni hivyo, mama. Betri haitoshi kuizuia isiegemee mkia, kwa hiyo puani hutiwa madini ya risasi, mazito, ya kipimo maalumu. Ukiyakosa, mkia unashinda, pua inakwenda juu, na hapo hata rubani wa ndege za kweli haongozi kitu. Nikamwambia lakini kitu cha kuruka si kinatakiwa kiwe chepesi? Akacheka bila furaha, akasema kila asiyejua anafikiri hivyo.

Mdogo wangu, mkono wangu wa kushoto wakati huo ulikuwa umekaa juu ya kifuko cha maua.

Nivumilie. Siku moja kabla ya mashindano, mchana, Gundi alikuwa amekwenda dukani kununua utepe. Ndege ilikuwa mezani kwangu imekamilika, inapendeza. Nikaishika mkiani niipanguse vumbi, nikaona pua inaning'inia kama kichwa cha mlevi. Nikajisemea, huyu mtoto amesahau kitu humu. Nikachukua kile kisu changu kidogo cha kufumulia mishono, nikainua utepe kwa ustadi, na mkono wangu unaujua, ndani nikakuta vipande viwili vya madini vimekaa vinene kama vifungo vya koti. Nikastaajabu. Ndege ya mwanangu ishinde na mizigo hii? Nikavitoa. Nikarudishia utepe pale pale, ukingo kwa ukingo, hata aliyeubandika asijue. Nilipanga akishinda nisimame niseme ni mimi niliyeipunguzia uzito. Nilikuwa nimekwisha kuchagua maneno.

Na kwa kuwa vilikuwa vizito na vizuri, nikavishonea vifuko vya maua kwa mabaki ya kitambaa, nikawa navitumia kukandamizia karatasi za vipimo zisipeperuke ninapokata. Zamani nilitumia mawe. Wiki mbili nzima vilikaa mezani mbele ya macho ya nyumba yote. Wateja wakavisifu. Mmoja aliniomba nimshonee kama hivyo.

Ndege ilipoanguka, naapa, sikuviwaza. Kichwani mwangu mimi niliisaidia, sasa msaada utaangushaje? Lakini siku ile ya mkasi nilijua. Nikatazama kile kifuko na lile gauni nililokuwa nakata, na sikujua nakata nini. Kikulacho kilikuwa nguoni kweli, tena nguo niliyoishona mwenyewe, yenye maua.

Na lile la pili ni hili, nalo ndilo linalonitia aibu kuliko la kwanza. Sikusema. Mwanangu alikuwa amekaa mbele yangu anamlaumu dada yake Gundi, na mimi nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa. Siku tatu, mdogo wangu. Siku tatu nilivificha kwenye droo ya vifungo. Nilifikiri, nikisema, nitakuwa nani katika mji huu? Mimi mama Kipanga.

Siku ya nne nilimwendea fundi saa, kwa kuwa ndiye niliyemwaga damu yake. Duka lake ni jembamba, ukuta mzima unapiga tiki tiki. Nikaviweka vile vifuko juu ya kioo cha meza na nikamweleza yote nimesimama. Ana kimizani kidogo cha kupimia vyuma vya saa. Akaweka vifuko, kikasoma arobaini na saba. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulirukaruka, nikajiambia labda mtoto naye alikosea kidogo. Yeye akachukua wembe akakata mishono yangu taratibu, akatoa madini, akayaweka matupu. Arobaini na mbili. Haikuzidi, haikupungua.

Tukaitazama ile namba sote wawili. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya kovu lake. Akanikatiza, akasema, "Mimi nimepona, mama. Yule binti je?"

Jioni hiyo nilimwambia mwanangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliinyanyua ile ndege kwa vidole viwili mbele yangu, mkia ukaanguka. Akainyanyua tena, ukaanguka tena. Akaitundika ukutani, pua yake wazi. Nikamwambia madini hayo tuyarudishe sasa hivi. Akasema, "Si mimi niliyeyapima." Tangu hapo ananisalimia na kula, lakini utani wetu umekatika. Baba yake anasema utarudi, gundi nzuri inataka muda.

Jumamosi nilipanda kilima. Sikuvaa gauni la kijani. Nilimwomba fundi saa apige filimbi yake, wakaja wote, na nikasema pale pale nilipomtukania. Nilisema mwanao aliweka uzito sawasawa, mimi niliutoa, mimi nilimzuia asiupime tena kwa sababu ya picha. Wakanitazama kama ng'ombe aliyeanza kuongea. Kisha muuza nyama akasema kuanzia leo mama huyu ashike ndege kwa macho tu, wakacheka wachache, nami nikacheka, na baadaye nililia nikiwa nashuka peke yangu. Karani wa mahakama alinikimbilia, akaniuliza ndege yake iliyokatika bawa aipeleke kwa nani. Nikamwambia aiweke, amngoje Gundi.

Sikuandikii ili umlazimishe. Kama hataki kuniona, ana haki, na akirudi nitakula jikoni na yeye akae mezani. Fundi saa amesema meza ipo, ameiziba tu kwa saa mbovu asije akaiomba mwingine. Kitanda chake hakijalaliwa na mtu. Ndege iko ukutani, pua wazi, na mwanangu hairushi mpaka risasi irudishwe kwa mkono wa aliyeipima. Mwambie mama mkubwa wake amesema alikosa, na alikosa mbele ya watu, na ameshasema mbele ya watu hao hao. Na wewe, uliponiambia mwanao hasahau kitu alichokipima, ulikuwa unamjua mwanao. Mimi nilikuwa najua kumsifia wangu tu.

Msalimie shemeji na goti lake. Wasalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wamebaki. Mume wangu anakusalimu, na Kipanga anasema shikamoo mama mdogo. Ukiona vyema kunijibu, hata mstari mmoja utanitosha mwaka mzima.

Ndani ya bahasha utakuta vile vipande viwili. Mpe mkononi, aviweke kwenye mizani yoyote anayoiamini. Nimevituma vitupu, bila nguo, maana ushonaji wangu umeshaidanganya mizani mara moja.

Ni mimi dada yako,
fundi cherehani